Sarafu ya Zamani: Kosa la Kiwanda au Uharibifu Tu?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Loresho, Nairobi



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo si la kawaida kwetu. Tumezoea kuongea juu ya kuku, mboga, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Lakini katika kutembelea vikundi, kuanzia Kangemi na Kibagare hadi Lower Kabete, mara nyingi mkutano ukiisha kuna mtu anayetuvuta kando, anafungua fundo la kitambaa na kutuonyesha sarafu ya zamani. Swali lake ni lile lile: "Tumeambiwa hii ina kosa la kiwanda. Ni kweli inauzwa mamilioni?"

Hatulicheki swali hili. Ni kweli kwamba ziko sarafu zilizotoka kiwandani na kasoro, na wako watu wanaozikusanya na kuzinunua kwa bei inayopita ile iliyoandikwa juu yake. Lakini pia wako walaghai wanaolijua jambo hilo, nao wanalitumia kuingia katika akiba ya kikundi. Asiyejua tofauti anaweza kupotea kwa njia mbili. Anaweza kuuza kitu chenye thamani kwa bei ya kilo ya sukari, au anaweza kutoa fedha za wenzake kwa sababu ya kitu kisicho na thamani yoyote.

Kwa hivyo tujifunze pamoja. Si kazi ngumu. Mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuifanya.

SARAFU HUTENGENEZWAJE?

Huwezi kujua kosa kama hujui kazi yenyewe. Kiwandani, kwanza bamba refu la chuma hukatwa visahani vya mviringo, kama vile mama anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi. Visahani hivyo huwa vitupu, bila picha. Kama sarafu ni ya tundu, tundu hutobolewa katika kisahani kabla ya kupigwa picha.

Kisha kisahani huwekwa katikati ya vyuma viwili vigumu vilivyochongwa picha na maandishi kinyume. Hivyo tutaviita mihuri. Mmoja uko juu, mwingine chini, na pembeni kuna pete ya chuma inayozuia kisahani kisitanuke. Mashine hupiga mara moja kwa nguvu kubwa, na pande zote mbili hupata picha kwa pigo hilo moja.

Kwa hivyo makosa ya kiwanda yana chanzo katika sehemu tatu tu: kisahani, muhuri au pigo. Na kanuni kubwa ya leo, ambayo tunaomba kila mmoja arudi nayo nyumbani, ni hii: kosa la kiwanda hutokea kabla sarafu haijatoka kwenye mashine. Lolote lililoipata baadaye, mfukoni, barabarani au motoni, ni uharibifu. Ukiona kasoro jiulize, "Je, mashine ile ingeweza kufanya hivi?"

MAKOSA YA KISAHANI

Wakati mwingine bamba halisogei vizuri, na kisu kinakata mahali palipokwisha kukatwa. Kisahani hutoka kimemegwa pembeni, kama mkate ulioumwa. Lakini mtu anaweza kuikata sarafu kwa tupa nyumbani na kudai ni kosa. Utajuaje? Tazama ukingo ulio upande wa pili, mkabala na pengo. Kama pengo lilikuwapo tangu kiwandani, mara nyingi ukingo wa mkabala hufifia, kwa sababu mashine inayoinua ukingo haikupata kitu cha kukazia. Tena herufi zilizo karibu na pengo huwa zimevutika na kulegea. Tupa hukata herufi ghafla, na huacha mikwaruzo.

Sarafu zetu za zamani zenye matundu nazo zina makosa yao. Wazee wanakumbuka ndururu, yaani senti tano, na senti kumi yake kubwa. Ziko zilizotoka bila tundu, na ziko ambazo tundu limekwenda upande. Lakini fundi anaweza kuziba tundu kwa risasi, akalipaka rangi. Chukua lenzi utazame katikati: kama kuna duara la mshono au rangi tofauti, limezibwa. Na kama sarafu ina matundu mawili, moja la katikati na jingine pembeni, hilo la pembeni ni la mtu aliyetaka kuivaa shingoni.

MAKOSA YA MUHURI

Muhuri hupiga sarafu nyingi sana, nao huchoka. Ukipata ufa, chuma laini cha kisahani huingia ndani ya ufa huo, na juu ya sarafu unatokea mstari ulioinuka. Shikeni hili vizuri. Ufa wa muhuri huinuka, mkwaruzo huzama. Pitisha taa kutoka ubavuni utaona mara moja.

Pengine grisi na uchafu huziba herufi iliyochongwa katika muhuri. Sarafu hutoka na herufi hafifu au isiyoonekana kabisa. Hapo tahadhari, maana sarafu iliyotumika miaka hamsini pia hupoteza herufi. Kama sarafu nzima imelika, ni uchakavu. Kama yote ni safi na herufi moja tu ndiyo imepotea, hapo pana jambo la kutazama.

Halafu kuna kosa la kuchanganya mihuri, yaani muhuri wa sarafu moja kukutanishwa na muhuri wa sarafu nyingine. Hili lilitokea kwetu, au tuseme nusu yake ni yetu. Mwaka 1936 kiwanda kimoja cha Birmingham, Uingereza, kilipiga senti kumi za Afrika Mashariki, na pia peni za makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi. Zote mbili zina tundu katikati, na ukubwa wake unakaribiana. Basi ikatokea peni ambayo upande mmoja ni wa Afrika Magharibi, na upande wa pili ulipigwa kwa muhuri wa senti kumi yetu. Wakusanyaji wanaijua na wameiandika katika orodha zao. Ndiyo sababu tunasema: soma pande zote mbili za sarafu, neno kwa neno.

MAKOSA YA PIGO

Kisahani kisipokaa katikati, picha hupigwa upande, na sehemu moja ya sarafu hubaki tupu kabisa. Pete isipokuwapo, sarafu hutanuka kuliko wenzake. Sarafu ikibaki mashinani ikapigwa tena, hupata picha mbili juu ya nyingine. Na mara chache sarafu hung'ang'ania kwenye muhuri, ikaipiga inayofuata. Hiyo inayofuata hupata picha ya kawaida upande mmoja, na upande wa pili picha ile ile imezama ndani, tena kinyume kama katika kioo.

Hili la mwisho ndilo linaloigizwa zaidi. Mtu huweka sarafu mbili pamoja, akazipiga nyundo. Lakini akifanya hivyo, picha halali iliyokuwapo hubondeka na kubaki chini ya alama mpya. Ukiona picha mbili zinagombana mahali pamoja, na upande wa nyuma umelala bapa, hiyo ni kazi ya nyundo. Na zile zilizotandazwa kama chapati, sisi tuliokulia karibu na reli ya Kikuyu tunajua zilipotoka. Watoto walizilaza relini gari moshi lipite.

VITU AMBAVYO SI MAKOSA

Hapa ndipo walaghai hupata nafasi, kwa hivyo tutakwenda polepole.

1. Herufi V mahali pa U. Sarafu za wakoloni zimeandikwa GEORGIVS na EDWARDVS. Si makosa ya herufi. Ni Kilatini, na ndivyo kilivyoandikwa zamani.

2. Herufi ndogo H, KN, SA au I. Hizi ni alama za kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, Afrika Kusini, na I ni Bombay, India, wakati wa vita vya pili.

3. Sarafu ya mfalme isiyo na sura ya mfalme. Sarafu za tundu hazikuwa na nafasi ya kichwa. Ziliwekwa taji na jina tu. Mfalme Edward wa Nane alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, na jina lake limo katika senti zetu za tundu za mwaka huo. Si kosa.

4. Maneno IND IMP kutokuwapo. Maneno hayo yalimaanisha Mfalme Mkuu wa India. India ilipata uhuru mwaka 1947, na shilingi ya 1948 haina maneno hayo. Mwaka huo huo chuma nacho kilibadilika. Shilingi za hadi 1946 zilikuwa na fedha halisi robo moja, na za kuanzia 1948 ni za shaba na nikeli. Kwa hivyo shilingi mbili zikitofautiana rangi, usikimbilie kusema kosa.

5. Mzee Kenyatta bila maandishi. Hili tumeulizwa mara nyingi. Sarafu za kwanza za Kenya zilitolewa mwaka 1966, na hadi 1968 upande wa Mzee haukuwa na maandishi. Kuanzia 1969 yakaongezwa maneno ya Kiingereza yanayomtaja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Hakuna aliyesahau. Ulikuwa mpango.

6. Sura ya Kenyatta mwaka 2005. Wengine husema, "Alifariki 1978, sasa imekuwaje?" Ni kwamba katika toleo la 2005 sura yake ilirudishwa. Na sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 hazina sura ya mtu yeyote, kwa sababu Katiba ya 2010 imekataza. Ndiyo maana tunaona twiga, kifaru, simba na ndovu.

7. Shilingi arobaini ya Kibaki. Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru. Ni ya ukumbusho, si ya kosa. Ukiwa nayo itunze, lakini usiahidiwe shamba kwa ajili yake.

SARAFU ZA TABORA

Tuseme kidogo juu ya sarafu moja ambayo huwachanganya hata wajuzi. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani wa Tanganyika walizuiwa baharini na Waingereza, wakakosa sarafu kutoka kwao. Mwaka 1916 wakaanza kupiga zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Ziko hela ishirini za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye taji, mwaka 1916 na herufi T. Neno letu "hela" linatokana na fedha hizo za Kijerumani. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Kazi ilifanywa kwa haraka, kwa vifaa vya kuungaunga. Kwa hivyo sarafu hizo hazifanani. Kuna taji kubwa na taji ndogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER ziko zilizochongoka na zilizojikunja. Hizo si makosa ya sarafu moja moja. Ni mihuri tofauti, na wakusanyaji wamezipanga aina kwa aina. Wanaume wengi wa Kenya walichukuliwa kubeba mizigo katika vita hiyo, na jina la Kariokor hapa Nairobi ni kumbukumbu yao. Si ajabu basi hela ya Tabora ikipatikana katika sanduku la babu. Ukiipata, ilinganishe na picha za nyingine kabla ya kusema lolote.

JINSI YA KUKAGUA

Vifaa: lenzi ya kukuzia, mwanga wa dirishani, sumaku ndogo (hata ya spika iliyokufa), mizani ya sonara au ya jikoni inayosoma gramu na sehemu zake, na sarafu nyingine ya aina ile ile isiyo na kasoro.

Hatua ya 1. Shika sarafu kwa ukingo. Usiisafishe. Kuna mzee mmoja aliyesugua hela ya 1916 kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Rangi ya miaka mia moja ikaondoka, na thamani ikaondoka nayo.

Hatua ya 2. Soma kila neno, pande zote mbili. Andika mwaka, thamani na alama ya kiwanda.

Hatua ya 3. Isimamishe picha ikiwa wima, uishike juu na chini kwa vidole viwili, kisha uizungushe kama mlango kwenye bawaba. Katika sarafu za Afrika Mashariki na za Kenya upande wa pili unatakiwa uwe wima pia. Ukiinama kidogo ni kawaida. Ukilala kabisa au kupinduka, mihuri haikukaa sawa.

Hatua ya 4. Tazama kasoro kwa mwanga wa ubavuni. Imeinuka au imezama?

Hatua ya 5. Pima uzito. Shilingi ya Afrika Mashariki ya simba na milima ina gramu 7.8 hivi. Iliyolika hupungua kidogo tu. Ikipishana sana, uliza kwa nini.

Hatua ya 6. Jaribu sumaku. Shilingi ya Kenya ya 1966 haivutwi. Ya 2005 inavutwa, maana ndani yake ni chuma kilichopakwa nikeli. Tabia ikienda kinyume, huenda ni kisahani kisicho chake, au ni sarafu bandia.

Hatua ya 7. Linganisha na ile isiyo na kasoro. Bila mwenzake, sarafu haisemi kitu.

FEDHA ZITOKE UPANDE GANI?

Sasa tufike penye uchungu. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu, ambacho hatutakitaja, mwanachama wake alirithi ndururu yenye matundu mawili. Mtu aliiona picha yake, akapiga simu, akasema ni kosa la kiwanda na atalipa shilingi 800,000. Ila kwanza zitumwe 12,000 za cheti cha ukaguzi. Zikatumwa. Kisha 20,000 za ushuru. Zikatumwa pia. Baada ya hapo simu haikupatikana tena.

Fedha hizo 32,000 zilikuwa za mzunguko. Mwezi huo ilikuwa zamu ya mama mwingine, na alikuwa amezipangia karo ya mtoto. Tulipofika, wanachama walikuwa hawaketi benchi moja. Tuliitazama ndururu ile kwa lenzi. Tundu la pili lilitobolewa kwa msumari, kingo zake zimepinda upande mmoja. Dakika mbili za kutazama zingetosha kuokoa fedha na urafiki pia. Leo mama yule analipa deni lake shilingi elfu moja kila mwezi, na kikundi, tunashukuru, hakikuvunjika.

Kwa hivyo tunapendekeza kila kikundi kiandike katika kanuni zake:

- Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi fedha. Akidai ada, aambiwe aikate katika bei yake.
- Akiba ya kikundi haitumiki kuuza mali ya mtu mmoja bila kikao na sahihi za viongozi watatu.
- Sarafu haitoki mkononi kabla malipo hayajafika. Wauzaji waende wawili au watatu, mahali pa wazi, na waandikiane risiti.
- Ulizeni bei kwa watu zaidi ya mmoja. Makosa madogo kama nyufa za muhuri ni mengi, na thamani yake ni ndogo.
- Sarafu zilizotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, kwa mfano zile za Mombasa za 1888 zenye mizani, sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inazihesabu kuwa mali ya kale. Haziruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Waulizeni Makumbusho ya Taifa kwanza.

MASWALI YALIYOULIZWA

"Sarafu yangu ya vyuma viwili imeachana katikati. Ni kosa?" Mara nyingi ni nyundo au moto. Tazama ukingo wa ndani wa pete. Ukiwa na alama za kugongwa, imetolewa kwa nguvu.

"Nina moja yenye kichwa pande zote mbili." Pima uzito na utazame ubavuni kwa lenzi. Karibu zote ni sarafu mbili zilizokatwa na kugandishwa, kazi ya watu wa mazingaombwe.

"Na kama ni kosa la kweli?" Ifunge katika karatasi kavu, peke yake, isisuguane na nyingine. Piga picha pande zote mbili, andika uzito wake, na useme ilipatikana wapi. Usiwe na haraka. Imengoja miaka mingi, itangoja mwezi mmoja zaidi.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja alete sarafu moja ya zamani. Je, kasoro yake ni ya kisahani, ya muhuri, ya pigo, au ni uharibifu?
2. Kama mgeni angepiga simu leo na kuahidi fedha nyingi, nani katika kikundi chetu angemuuliza maswali?
3. Kanuni zetu zinasema nini juu ya kutoa akiba kwa dharura?

Lenzi moja tutaiacha hapa kwa mwekahazina wa vikundi vya Loresho. Atakayeihitaji aandike jina katika daftari, airudishe ikiwa nzima.